Mate Kidogo Tu

Kila asubuhi Kiherehere alipiga mswaki huku akitembea na kufunga viatu huku akitafuna mkate. Jina hilo alipewa na baba yake, na shuleni likamganda. Kukaa kitako dakika mbili kwake kulikuwa adhabu.

Leo, hata hivyo, ndiye aliyejivuta. "Baba, twende kesho. Jino lenyewe haliumi."

"Shimo liko wazi, mwanangu. Vaa viatu."

Jino lilikuwa limezibwa siku tisa tu zilizopita, na jana, alipouma karanga, kizibo kikachomoka.

Kliniki, daktari wa meno, kijana mrefu mwenye miwani, alikigeuzageuza kizibo hicho kiganjani. "Kimetoka kizima. Hakikushika kabisa. Kiliingiwa na mate." Akamgeukia msaidizi wake, mama mtu mzima ambaye wagonjwa walimwita Mama Pamba, kwa kuwa ndiye aliyezungushia jino pamba lisilowe. "Mama, nilikuomba usibandue macho hapa. Hili itabidi niliandike kwenye ripoti."

"Samahani, daktari," Mama Pamba alijibu, akipanga upya pamba zilizokwisha kupangwa.

Kiherehere alikumbuka siku ile ya kuzibwa jino, wenzake walipokuwa wakimsubiri uwanjani. Daktari aligeuka kuchukua gundi, Mama Pamba akatazama mlangoni kidogo tu, na ulimi wa Kiherehere ukapenya kando ya pamba, ukalilamba jino. Daktari alipouliza kama mate yamegusa, alitikisa kichwa kukataa. Angekubali, kazi ingeanza upya na mechi ingempita.

Sasa miguu yake haikutulia. Alikunja vidole, akavikunjua. Alimtazama Mama Pamba, aliyekuwa kainama.

"Si yeye," alisema mwishowe. "Ni mimi. Nililamba jino, nikasema sijalamba."

"Kwa nini?" baba aliuliza.

"Nilikuwa na mechi."

Daktari alivua miwani. "Mama, nisamehe. Nimekulaumu kabla ya kuuliza."

"Yamekwisha, daktari. Tumzibe mtoto jino."

Wakaanza. Jino likaoshwa, likakaushwa, likapakwa dawa ya buluu, likaoshwa na kukaushwa tena. Pua ya Kiherehere iliwasha. Kisigino kiliwasha. Mrija wa kufyonza mate ulikoroma shavuni, lakini mate yalijaa upande wa pili, yakateleza hadi kwenye jino. Yalikuwa kidogo tu, na hakuna aliyeyaona.

Kiherehere aliinua mkono. "Yameguha," alisema, mdomo umejaa pamba.

Daktari alisimama papo hapo. Akabadilisha pamba, akaosha, akakausha, akapaka dawa upya. Kisha gundi, kizibo, na ile taa ya buluu inayokigandisha.

"Sasa hiki haking'oki kirahisi," daktari alisema.

Mama Pamba alimfuta Kiherehere kidevu. "Umeona, mwanangu? Kurudia kumetuchukua dakika tatu. Siku ile ungeinua mkono, mechi ingekusubiri. Ulinyamaza, kizibo kikachomoka na mimi nikabebeshwa lawama. Ukikosea, sema palepale, wakati bado panaoshika."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa, mdomo umechoka kwa kuachama. "Shikamoo, mama," alisema, maana wakati wa kuingia alikuwa amesahau kumwamkia.

"Marahaba. Haya, kimbia."