Namba ya Juu ya Asger

Ng'ombe hawana Jumapili. Mtoto wa mfugaji wa Jutland, kwetu Denmark, hujua jambo hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sisi akina Overgaard tunakamua alfajiri, tunakamua jioni. Katikati tunalalamika kidogo, halafu tunakula mkate mweusi.

Baba yetu, Preben, husinzia mezani akiwa ameshika kikombe cha kahawa. Kahawa haimwagiki. Ni kipaji. Mama yetu, Dorthe, huogesha wazee katika nyumba ya wazee mjini, kisha huja kuosha ndoo za maziwa. Kaka yangu Asger ana miaka kumi na minane. Tangu mgongo wa baba uharibike, Asger hufanya kazi ya watu wawili. Mimi ni Ronja. Nasoma shule ya bweni. Kwa hiyo kazi yangu ni kurudi wikiendi, kula, na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Mwaka ule Asger aliitwa kupimwa jeshini, kama vijana wote wa kiume wa rika lake. Mambo huenda hivi. Daktari anakupima. Unafanya mtihani. Ukionekana unafaa, unatia mkono kwenye chombo na kuchomoa namba. Ukipata namba ya chini, unaweza kuitwa. Ukipata ya juu, rudi nyumbani kwa mama.

Asger alirudi na basi la jioni. Baba alikuwa akimngoja mlangoni.

"Enhe?"

"Ya juu," Asger akasema. "Juu kabisa. Hawaniiti."

Baba hakuruka, maana mgongo haumruhusu. Lakini nyusi zake ziliruka. Mama akatoa keki ya matabaka aliyokuwa ameificha. Akachomeka juu yake bendera ndogo za karatasi. Kwetu bendera hizo huchomekwa hata paka akipona kikohozi.

"Nilijua tu!" baba akasema. "Sasa tunaweza kupanga kazi za mwaka mzima. Kaa, mwanangu. Kula."

Asger aliitazama keki kama mgonjwa anavyoitazama sindano.

"Naenda," akasema.

"Kulala? Kula kwanza."

"Jeshini, Baba. Najitolea."

Nikasimama, nikapiga saluti kwa kijiko. Hakuna aliyecheka. Nikakaa.

"Wamekuachia, halafu unawafuata?" mama akauliza. "Kwa nini, Asger?"

Hapo kaka yangu akatoa hotuba. Alisema dunia imechafuka. Alisema nchi inahitaji watu. Alisema mwanamume lazima asimame.

"Asimame hapa!" baba akasema. "Kwani zizi langu liko nchi gani?"

Kisha baba akanyamaza. Watu wa kwetu wakikasirika hawavunji sahani. Wananyamaza, na kimya chao kina meno.

Niliporudi wikiendi iliyofuata, kimya kilikuwa bado kinakula nasi mezani. Asger alikuwa amemwambia mama kwamba anataka kujifunza kuendesha malori ya jeshi. Rafiki zake aliwaambia anakwenda kuiona dunia. Mimi akaniambia anataka misuli.

"Misuli unayo," nikamwambia. "Unabeba ndama kama mimi ninavyobeba mto."

"Niache, Ronja."

Hakuniita hata kichwa maji. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kunitukana. Nikaogopa.

Siku hiyo alikuja Lisbet, jirani yetu. Lisbet hukata kwato. Huzunguka kwa wafugaji na kizimba chake cha chuma. Ng'ombe huingia, hufungwa mguu, mguu huinuliwa, na kwato hukatwa. Zamani Lisbet alikuwa sajini. Alipelekwa Afghanistan mara mbili. Sauti yake bado ni ya uwanja wa gwaride.

"Lisbet," baba akasema, "mwambie huyu kijana jeshi ni baya."

"Siwezi. Si baya. Chakula chake ndicho kibaya."

"Basi mwambie Baba kwamba ni zuri," Asger akasema.

"Hilo pia siwezi. Shika mkia huo, nisipigwe nao machoni." Lisbet akainua kisu chake. "Haya, kijana. Unakwenda kwa nini?"

Asger akaanza tena habari za nchi na dunia. Lisbet alimwacha amalize.

"Vizuri. Hiyo ni ya kusema redioni. Nyingine?"

"Malori."

"Safi. Ujuzi hauozi. Nyingine?"

"Kuona dunia."

"Utaiona sana mitaro yake. Nyingine?"

Asger akabadilisha mkono wa kushika mkia. Lisbet akaendelea kukata, akisema polepole.

"Sikiliza. Katika hema letu tulikuwa watu wengi na sababu nyingi. Mmoja aliipenda nchi yake kwelikweli. Mmoja alifuata mshahara. Mmoja, baba yake na babu yake walikuwa askari, akaona aibu kuwa fundi bomba. Mmoja alitaka marafiki tu, maana hakuwa nao. Mmoja alimkimbia mchumba wake wa mji wa Randers."

"Huyo bila shaka alipata taabu kuliko wote?" nikauliza.

"Wa Randers? Hapana! Alikuwa dereva wetu bora. Alituambia siku ya kwanza, tukamcheka, ikaisha. Aliyepata taabu ni yule aliyetuambia bendera, bendera, kumbe alikuwa amegombana na mama yake. Ule ugomvi alikuja nao kwenye mkoba. Mkataba ulipokwisha, akaongeza mwingine. Unajua kwa nini? Aliona risasi ni nyepesi kuliko kurudi jikoni kwa mama yake na kuongea."

"Yuko wapi sasa?" Asger akauliza.

"Amerudi. Goti moja halikunjiki. Na mama yake alifariki kabla hawajaongea." Lisbet akaushusha mguu wa ng'ombe. "Hakuna sababu ya aibu, Asger. Lakini ile unayoificha ndiyo itakayolala nawe hemani. Nyingine?"

Asger aliutazama mkia mkononi mwake.

"Sitaki kukamua," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Lakini baba alisikia.

"Niliomba namba ya chini, Baba. Niliomba Mungu, mimi ambaye huonekana kanisani Krismasi tu. Kama wangeniita, ungeilaumu serikali. Usingesema mwanangu amenitupa na mgongo wangu. Halafu nikapata ya juu."

Baba aligeuza ndoo, akaikalia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungejibu nini?"

Baba alifikiri kwa uaminifu mkubwa.

"Ningesema hapana."

"Basi."

"Hata mimi," baba akasema, akiangalia mikono yake, "nilitaka kuwa fundi wa redio. Hakuna aliyeniuliza. Nami sikusema."

Tulikuwa hatujawahi kusikia habari hiyo. Hata mama, aliyekuwa amesimama na ndoo mlangoni, hakuwahi kuisikia.

Lisbet alijifuta mikono. "Haya. Hapa mna mambo mawili, mmeyafunga kamba moja. La kwanza ni zizi. Wapo wakamuaji wa kukodi. Tafuteni mmoja, Asger apumzike. La pili ni jeshi. Hilo usiliamue ukiwa umechoka hivi. Mtu aliyechoka huona kila mlango ni mzuri. Ukishalala vya kutosha, uliza tena moyo wako. Waulize na wa jeshini: nitapelekwa wapi, nikiumia nani atanitunza, nikitoka nitakuwa na ujuzi gani. Na uanze na ile miezi minne ya mafunzo ya mwanzo tu. Mkataba mrefu ungoje."

Baba alimkodi Costel, kijana wa Romania anayewaimbia ng'ombe wetu. Ng'ombe wanampenda kuliko wanavyotupenda sisi. Asger alilala. Alilala mpaka mama akawa anamwekea kioo puani kuona kama anapumua. Kisha akaamka, akakaa na Lisbet, wakazipitia sababu zake upya. Ya misuli ilikufa. Ya kukimbia zizi ilikufa. Malori yalibaki. Na nchi ilibaki pia, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Lakini sasa hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba kama kuna kazi ya kulinda watu, angependa kujua kama anaiweza.

Baba alimpeleka stesheni. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikipiga saluti kwa kila ng'ombe tuliyempita. Baba alimshika Asger mkono, akautikisa kama anayejaribu bomba la maji.

"Ukichoka?" baba akauliza.

"Nitasema."

"Sema mapema."

Treni ikaondoka. Kwa siku kadhaa hatukusikia kitu. Kisha, siku moja baada ya kukamua, simu ya baba ikalia jikoni. Ilitoka kambini.

"Baba," Asger akasema, "nimechoka."

Baba alikuwa na buti za zizini, mgongo ukimuuma, kahawa ikipoa. Akavuta kiti, akakaa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nieleze."