Mjane Mwenye Mume

"Samahani mrembo, hicho kikapu unamnunulia mume wako?"

Sylviane hakugeuka. Soko la Lodwar lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Bodaboda zilipiga honi, mbuzi waliburutwa, akina mama wa Kiturkana walikuwa wamepanga vikapu vyao hadi katikati ya njia, na jua la saa sita lilichoma bila huruma. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa, na nywele zake zilikuwa zimesukwa jana yake tu.

"Sina mume," alijibu. "Miye mjane."

"Basi bahati yangu. Na mimi sina mke."

"Inaonekana. Uko na sura ya mwanaume mwenye alikimbiwa."

Muuza vikapu aliangua kicheko. Sylviane akageuka, akamwona yule bwana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na kujikausha kukamshinda. Akamkumbatia pale pale. Huyo alikuwa Boris, mume wake kwa miaka kumi na mmoja, baba wa watoto wake wawili. Walikuwa wametoka kambini Kakuma asubuhi hiyo kwa magari mawili tofauti, kila mmoja na kibali chake, ili mtu asiwaone pamoja.

Utani wao ulikuwa na uchungu ndani yake. Walipokimbia kutoka Uvira walipotezana njiani, na Sylviane akaambiwa kwa kiapo kwamba Boris ameuawa. Alifika Kakuma peke yake, mimba ya miezi sita tumboni, akaandikishwa kama mjane kwa sababu aliamini kweli ni mjane. Miezi saba baadaye maiti ikabisha hodi. Ikawa vigelegele, ikawa machozi, kisha watu wakaanza kuwashauri: msiguse faili la kuhamishiwa ng'ambo, mkiligusa mtaanza upya. Wakaliacha. Boris akaandikishwa kivyake, kapera, na Jean alipozaliwa akaandikwa hana baba. Mimi siwalaumu. Ni nani hajawahi kusema "tutarekebisha mwakani"?

Sasa faili lilikuwa limeitikia. Jumatano Sylviane, Benita na Jean walikuwa wapande ndege kwenda Kanada. Watu watatu. Boris hakuwamo.

"Bado sielewi," Sylviane alisema wakielekea nyumba ya wageni ya Nawoitorong kwa miguu. "Umebakiwa na siku nne na batoto bako, halafu unaniomba tubaache kwa jirani yetu Mathilde?"

"Batoto nitawaaga nyumbani. Weye nataka kukuaga mahali naweza kusema ni bibi yangu."

Sylviane akaongeza mwendo. Aliupenda mdomo wa mwanaume huyu, na siku hiyo aliuchukia pia.

Kwenye nyumba ya wageni, Nakal, mama wa mapokezi mwenye shanga shingoni hadi kidevuni, alifungua daftari.

"Ejok! Karibuni sana. Nyinyi ni bwana na bibi?"

"Bwana na bibi," Boris alijibu haraka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Tena tuko na watoto wawili. Benita ana miaka tisa, Jean mitano. Benita ni wa kwanza darasani. Jean anafanana na mimi mpaka masikio."

"Watoto hapana andika, mzee," Nakal alicheka. "Mimi nataka jina yako tu."

Boris alishika kalamu, lakini hakuandika. Chozi lilidondoka daftarini. Nakal akajifanya anatafuta ufunguo.

Chumbani Sylviane hakuvua hata viatu.

"Juu ya nini unalia kwa daftari ya watu? Kuna kitu. Sema."

Boris aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Alhamisi baliniita ofisi ya wakimbizi. Kuna mtu aliwaambia mimi ndiye baba ya watoto."

"Ukasema nini?"

"Nilisema mimi jirani. Nakusaidiaga kubeba maji. Wakaniletea karatasi kwamba Benita na Jean si damu yangu."

"Na ulisaini?"

"Nilisaini."

Sylviane alimpa mgongo. Alichukua mkoba wake, akatoka akifuata barabara ya vumbi, kitenge kikimkwaza. Simu iliita mara tano. "Mume," kiliandika kioo, na kila mara aliikata. Boris alimkuta amekaa kwenye gogo chini ya miti ya mikoma, jua likiwa limeanza kuinama.

"Rudi chumbani, chérie. Watu wanatuangalia."

"Baangalie! Umekana batoto bako kwa maandishi, Boris. Sasa hata ukifa kweli hawatakuwa na ruhusa ya kukulilia."

"Nifanye nini sasa? Nibakatie njia? Benita alizaliwa kwenye vumbi ile, anakulia kwenye vumbi ile. Umengoja miaka tisa!"

"Jumatatu tunaenda ofisini, tunasema kweli."

"Ukisema kweli watasimamisha safari. Watatuita waongo. Labda haitarudi tena, unasikia? Tena kabisa."

"Nasikia."

"Nakuomba, Sylviane." Alipiga magoti vumbini na shati lake jeupe. "Nakuomba kama unanipenda. Enda."

"Ni juu ya kukupenda njo maana naweza kubaki!"

Walikuwa wamefika hapo, hakuna anayetaka kumsikia mwenzake, simu ilipoita tena. Safari hii ilikuwa namba ya Mathilde, jirani aliyebaki na watoto. Sylviane akafuta uso, akaweka spika, na sauti ya Benita ikasikika.

"Mama! Tumekula. Jean amekataa kuoga. Papa yuko hapo?"

"Niko, malaika," Boris akasema, bado amepiga magoti.

"Papa, nataka kukuambia siri. Alhamisi kuna madam alikuja shule. Akaniita peke yangu, akanipatia biskuti. Akaniuliza Boris ni nani."

Wazazi wakatazamana.

"Nikasema ni jirani yetu. Akaniuliza, na papa yako ako wapi? Nikasema alikufa kwa vita. Sikucheka, papa. Sikulia hata kidogo. Akaandika." Mtoto alingoja sifa zake. "Nilisema vizuri?"

Boris aliisogelea simu. Karatasi yake mwenyewe aliisaini kwa macho makavu, akijiambia huo ndio ubaba. Kumbe mtoto wa miaka tisa naye alikuwa amembeba peke yake siku mbili nzima, akamzika, akala biskuti. Aliona wazi kwamba Kanada au popote, Benita angekua akijua kuwa siku alipoulizwa, alimuua baba yake, na wakubwa wakampongeza.

"Hapana, Benita," alisema. "Hukusema vizuri. Lakini kosa si yako, ni yangu. Mimi ni papa yako. Sijakufa."

"Hata kwa madam?"

"Hata kwa madam. Jumatatu utavaa gauni yako ya kanisa, na Jean ataoga, apende asipende. Tutaenda ofisini wote wanne. Utamwambia papa ni huyu hapa."

"Na ndege?"

Boris alimtazama mkewe. Hakuwa na haki ya kulijibu hilo peke yake. Sylviane alipiga magoti mbele yake, akaishika simu pamoja na mkono wake.

"Ndege itaenda, mama," alimwambia binti yake. "Sisi tunabaki na papa."

Wakasikia simu ikitupwa chini huko Kakuma, na miguu ya mtoto ikikimbia, na sauti ya Benita ikipiga kelele kwa mdogo wake, kwa Mathilde, kwa mtaa mzima wenye masikio: "Jean! Jean! Papa hajakufa! Tunabaki na papa!"

Miaka tisa ya kungoja waliitupa pale pale, na hakuna aliyewaahidi mingine. Sylviane alimkumbatia mume wake vumbini, wakalia kwa sauti, huku simu ikiendelea kuwaletea furaha ya watoto wao.