Dume la Mzee Machage

Kila Jumamosi, Jeska alipomaliza kufua sare zake za shule, alifuatana na shangazi yake Dorkas kwenye sherehe. Tangu vitu vya nje vianze kujaa madukani, shangazi alikuwa na kamera ya video, na Bunda nzima ilimwita kurekodi sherehe zao.

Siku hiyo walikuwa Kabasa, kwa Mzee Machage, aliyepokea ng'ombe wa mahari ya binti yake.

"Mimi bibi harusi nimeshamrekodi. Sasa wewe nenda zizini," shangazi alisema, akimkabidhi kamera. "Picha ya mbali, zizi lote lionekane. Ya kati, dume kuanzia kichwa mpaka kifua. Ya karibu, sikio tu. Mzee anataka alama iliyokatwa sikioni ionekane. Jioni ng'ombe wanapelekwa kwa ndugu yake Butiama, dume lisije likabadilishwa njiani."

Picha ya mbali Jeska aliipata vizuri. Alipoanza kusogea, dume likageuka, likakwaruza ardhi, likakoroma. Mungu wangu! Akarudi mbio.

"Umepiga zote?"

"Zote, shangazi."

Uongo ulimtoka kirahisi, lakini sahani ya pilau aliiweka chini. Dume likibadilishwa je? Shangazi ataitwa tapeli mji mzima! Mara akawaona vijana wenye fimbo wanaenda kufungua zizi, ng'ombe waondoke.

"Shangazi!" alilia. "Sikio sikupiga. Niliogopa."

Shangazi alikunja uso. "Nawe! Vijana, subirini kwanza!" Akamvuta Jeska mpaka kwenye uzio. "Simama hapa hapa. Bonyeza kitufe hiki."

Jeska akachungulia kwenye kamera, akabonyeza. Kichwa cha dume kikamjia, kikajaa kote.

"Mama yangu wee!" Akaruka nyuma, nusura aangushe kamera. Vijana wakaangua kicheko. Dume lilikuwa kule kule, linacheua.

Akajaribu tena mpaka sikio na alama yake vikaonekana wazi.

"Mimi mwenyewe huwaga siwasogelei ng'ombe," shangazi alisema. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungeniambia, ningekuonyesha mapema kitufe cha kuvuta picha karibu. Kosa lako ni kunidanganya, maana nilikuamini, nikakaa bila kuangalia. Siku nyingine sema, 'Shangazi, hii imenishinda.'"

"Nitasema, shangazi. Nisamehe."

Zizi likafunguliwa, dume likatoka mbele. Shangazi ndiye aliyetangulia kukimbilia ndani ya nyumba.