Sauti Ndani ya Kabati la Kahawa

Mzee Muradif, mlinzi wa nyumba ya makumbusho ya akina Kapidžić, alikuwa hajakung'uta hata theluji begani asubuhi ile aliposikia mwanamke anamkaribisha kutoka ndani.

"Karibuni. Kahawa iko tayari."

"Asante, mama," akaitikia kwa adabu, kama mtu yeyote aliyelelewa. Ndipo akakumbuka kuwa funguo bado ziko mkononi mwake, mlango ndiyo kwanza ameufungua, na umeme hajauwasha.

Akampigia simu Belkisa.

"Binti, hiyo mashine yako imeamka kabla yangu."

"Kihisi hicho, Mzee. Kimeona kivuli chako."

"Kivuli changu kilikuwa bado nje na mimi, mwanangu."

Belkisa akacheka. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa kule Sarajevo, akisomea kubuni vitu vya makumbusho ambavyo mgeni havitazami tu kwa mikono nyuma, bali anavigusa, anavizungusha, navyo vinamjibu. Kazi yake ya kumaliza chuo ilikuwa katika nyumba hii, mjini kwa mama yake, na kitu alichokichagua ni kabati la kahawa.

Kabati lenyewe ni la mti wa jozi, la mviringo, limejengwa ndani ya ukuta unaotenganisha upande wa wanawake na upande wa wanaume, nalo huzunguka. Zamani mwanamke aliweka sinia la kahawa upande wake, akasukuma, na sinia likatokea kwa wanaume bila yeyote kuuona uso wa mwenzake. Belkisa aliweka humo kihisi, skrini na spika. Mgeni akinyoosha mkono kwenye rafu, kwenye skrini mkono wa mwanamke aliouchora Belkisa mwenyewe unaweka finjani, na sauti ya mwanamke inamkaribisha.

Sauti hiyo ilikuwa ya Bibi Zineta, mama wa mama yake, ambaye usichanani aliwahi kutumikia katika nyumba hii hii na kulisukuma kabati hili kwa mkono wake.

Kabla ya hapo walikuwa wamerekodi jikoni. Bibi alijifunga kitambaa vizuri kana kwamba anapigwa picha, akakohoa, akasema: "Bismillahi Rahmani Rahim. Karibuni. Kahawa iko tayari."

"Bibi, sema karibuni tu."

"Kabati lile halisukumwi bila Bismillah, mwanangu. Unapeleka kitu gizani, na anayepokea humwoni. Unajuaje ni nani?"

"Watalii, Bibi. Waturuki na Wajerumani."

"Na hao unawaona?"

"Bibi nawe!"

"Basi iache kama nilivyosema. Sauti ni yangu, nimekupa. Bismillah si yangu wala si yako."

Belkisa akaiacha. Tena hakuwa mtoto wa kupuuza dini. Alifunga Ramadhani, na sala zilimpita pale tu usingizi ulipomshinda, jambo ambalo wengi wetu tukiulizwa tutainamisha vichwa. Lakini Profesa Jasenka, msimamizi wake, alipokuja kuijaribu kazi, wageni walinyoosha mikono, wakasikia Bismillah ndefu ya kizee, na kabla haijaisha wakaondoa mikono wakaenda zao.

"Unaona?" alisema Jasenka. "Mtu akigusa, ajibiwe papo hapo. Ukimchelewesha umempoteza. Huu mwanzo ukate."

"Bibi yangu alitaka—"

"Belkisa, unatahiniwa na Bibi yako, au na jopo la chuo?"

Jioni ile aliukata. Hakuukata kwa dharau. Aliukata kama mtu anavyokata ncha za maharage mabichi, akiwaza mengine. Akahifadhi faili mpya juu ya ile ya zamani, ya zamani ikafutika, akafunga kompyuta akala chakula. Bibi Zineta hakuambiwa.

Wageni wakaipenda. Watoto wa shule walipanga foleni. Kabati lilikaribisha kutwa nzima, likasukumwa tupu, likarudi tupu, likasukumwa tena, na hakuna hata mmoja aliyelitajia jina la Mungu.

Kisha Bibi akapata ukavu wa koo.

"Baridi," alisema Senija, mama yake Belkisa, akamchemshia maua ya mti wa mlindeni kwa asali.

Ukavu ukawa kukwaruza, kukwaruza kukawa mnong'ono. Daktari alimulika kooni akasema pasafi, pasafi kuliko pake yeye anayevuta sigara. Belkisa ndiye aliyeona jambo ambalo wengine hawakuliona: siku makumbusho yalipojaa, Bibi jioni hakuwa na sauti hata ya kuomba chumvi, na Jumatatu, siku nyumba ile inapofungwa, sauti ilimrudia kidogo, nyembamba kama uzi, akaweza kumwita paka. Aliliona hilo, akalisukuma mbali. Ilikuwa imebaki muda mfupi kabla ya mtihani.

Mchana mmoja wa mvua ya theluji, nyumba ikiwa haina mgeni, Muradif alimwita tena. Safari hii hakutania.

"Njoo unuse."

Palinuka kahawa iliyoungua, na chini ya kahawa harufu nyingine, ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kwenye skrini ule mkono wa kuchora haukuwa umeshika finjani. Ulikuwa umegeuzwa, kiganja juu, kama wa mtu anayengoja kupewa.

"Huo sikuuchora mimi," alisema Belkisa polepole.

"Nani basi? Mimi hata sahihi yangu naikosea."

Akazunguka ukuta kwenda upande wa wanawake, mahali nyaya zilipofichwa, akapiga magoti, akachomoa waya wa skrini, akachomoa wa kihisi, akaing'oa spika yenyewe akaishika mkononi, kitu kidogo chepesi kisichounganishwa na chochote, akawa anaitazama huku akijiambia kuwa ni hitilafu, ni unyevu wa kuta za zamani, ni programu aliyoiandika kwa haraka, na wakati anajiambia hayo kabati likaanza kugeuka lenyewe, taratibu, bila mlio, likigeuka kama linavyogeuka likisukumwa na mtu mwenye sinia lililojaa ambaye hataki kumwaga hata tone, mpaka rafu ikamfikia usawa wa uso, na juu ya rafu palikuwa na finjani, limenywewa, mashapo yake bado yakitoa mvuke, na ukingoni alama ya mdomo mpana mno kuwa wa mtu. Kisha spika ikamtetemeka kiganjani kama kifaranga.

"Karibuni. Kahawa iko tayari."

Na ile sauti, sauti ya Bibi yake, nzima, nono, ya miaka yote aliyoimbiwa alale, ikaendelea na maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyarekodi.

"Belkisa, mwanangu. Mbona huitiki?"

Midomo ikamfunguka. Muradif alikuwa amefika mlangoni. Akamziba kinywa kwa mkono wake unaonuka tumbaku.

"Usiitike," alinong'ona. "Kwa jina la Mungu, binti, usiitike."

Usiku huo Belkisa alimwambia mama yake kila kitu, hata ule mkato. Senija hakumpiga wala hakupiga kelele. Alivaa viatu akaenda kumleta Mama Rukija, yule mganga anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamwaga majini kuwatibu waliotishwa.

Mama Rukija alikuwa mnene, mcheshi, alivua viatu huku akilalamikia magoti yake. Lakini alipomwona Bibi Zineta amekaa kitandani anatoa mdomoni maneno yasiyosikika, utani ukamwishia. Walimfunika Bibi shuka jeupe, wakashika bakuli la maji juu ya kichwa chake. Mama Rukija akasoma anayoyasoma, akaimimina risasi iliyoyeyuka majini. Maji yakapiga ukelele. Kwa kawaida risasi hutoka na umbo la kitu kilichomtisha mtu, mbwa, gari, moto. Hii ilitoka mviringo, nyembamba, tupu katikati.

"Huyu hakutishwa," alisema Mama Rukija. "Huyu amekaribisha. Na aliyekaribishwa anakula."

"Anakula nini?" aliuliza Senija.

"Sauti hiyo hiyo aliyoitwa nayo. Kila inapokaribisha, anakula tonge." Akamgeukia Belkisa. "Bismillah yake iko wapi?"

"Nilifuta."

"Irudishe."

"Haipo tena, mama. Na yeye hawezi kuisema nyingine."

Mama Rukija akamshika bega. "Basi wewe uliyeikata, isimamie. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa watu, simama mbele ya kabati uiseme. Kwa kinywa chako mwenyewe, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale. Mpaka Bibi yako aongee kama zamani. Umenisikia? Mja akienda kwa Mola wake hatumi mtu wa kumsemea."

"Si tuizime tu hiyo mashine?" aliuliza Senija.

"Si umesikia iliongea ikiwa imezimwa? Mgeni keshaingia, dada. Kufunga mlango sasa ni kumfungia ndani."

Belkisa akaenda. Asubuhi ya kwanza meno yaligongana akashindwa kumaliza, Muradif akiwa nyuma yake anamwitikia amina. Ya pili aliimaliza. Ile harufu ikapungua. Baada ya siku kadhaa Bibi Zineta aliamka, akaelekeza kidole kwenye jagi, akasema, "Maji." Senija alilia mpaka akayamwaga.

Bibi akampapasa Belkisa shavu. "Bado," alisema, kwa tabu, kama anayenyanyua mzigo. "Usiache."

"Siachi, Bibi."

Lakini mtihani ulikuwa Sarajevo, na barabara ya mlimani wakati wa theluji haiaminiki. Ilibidi aende mapema alale huko. Aliwaza usiku kucha. Asubuhi, baada ya kuisema Bismillah yake mbele ya kabati, alitoa simu akaisema tena, akairekodi. Vizuri, kwa sauti safi, bila kukata hata herufi. Akaiweka kwenye mashine, akaipangia ilie yenyewe kila alfajiri. Sauti si yake hiyo hiyo? Mahali si pale pale? Alijua alichoambiwa. Alijua vizuri. Akajiambia Mungu ni mwepesi wa kusamehe, nasi huwa tunamsifu kwa sifa hiyo hasa tunapotaka kufanya tusilotakiwa.

Jopo lilimsifia. Profesa Jasenka alimkumbatia mbele ya watu. "Mgeni anagusa, anajibiwa papo hapo! Ndiyo kazi hiyo!" Belkisa alishukuru kwa sauti iliyokuwa imekauka kidogo. Ni kuongea sana, alidhani. Kwenye basi la kurudi alimwomba dereva aongeze joto, dereva akasema, "Sikusikii, dada, paza sauti." Akapaza. Dereva hakusikia. Abiria wakacheka.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa mlangoni, kitambaa kimemkaa upande.

"Afadhali umefika. Bibi yako anakwenda. Naenda kumwita imamu, simu yake haipatikani. Kaa naye. Mtamkie shahada sikioni, polepole, ataifuata kwa moyo. Amekuwa akikungoja wewe."

Belkisa alikubali kwa kichwa. Mama yake alikuwa keshaingia kwenye theluji.

Bibi Zineta alilala kaelekea kibla, pumzi zikimjia kwa mbali. Alipomwona mjukuu, macho yalimwaka. Midomo ikasogea, ikatulia, ikangoja. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Belkisa akiwa mtoto: mkubwa hutamka, mdogo hufuata. Leo walikuwa wamebadilishana nafasi. Belkisa akapiga magoti, akashika mkono ule mkavu, akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio, akavuta pumzi.

Hakikutoka kitu.

Akavuta tena, akajaribu tena, ulimi ukienda na kurudi mahali pake, kila kiungo kikifanya kazi kiliyojifunza tangu utotoni, na chumbani hakukusikika ila saa ya ukutani na ile pumzi inayopungua, na simu mfukoni ikaanza kulia, ikalia, akaipokea kwa kuwa labda ni imamu, labda imamu anaweza kuisoma kwa simu, akaiweka juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio la Bibi.

Alikuwa Mzee Muradif. Aliongea chini chini, kama mtu aliyejificha.

"Binti? Mama yako si alisema umekwenda Sarajevo? Mbona nakusikia humu makumbusho? Wewe na Bibi yako... mnacheka nini, binti?"

Bibi Zineta aliyaondoa macho kwenye simu akayainua kwa mjukuu wake, akamtazama mdomo uliokuwa wazi bure. Akaelewa. Kidole chake cha shahada kikanyanyuka juu ya blanketi, kidogo, peke yake, kikasimama muda wa pumzi moja. Kisha kikalala.

Nyuma ya pumzi za Muradif kitu cha mti kilikuwa kinageuka taratibu, na sauti ya msichana, safi, isiyokatwa hata herufi, ikasema:

"Karibuni. Kahawa iko tayari."