Turbo ya Ngigi Ilivyonifungia Buruburu

"Huyu ndiye mwizi wako, mzee! Ametoa turbo mpya akakuwekea mkweche!"

Kidole kilinielekea mimi.

Na mwenye kidole alikuwa Bedan... Bedan! Fundi mwenzangu, miaka sita gereji moja nyuma ya soko la Burma. Tulikuwa tunakula sahani moja!

Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu zangu mnaonisoma, hii ni Jumapili asubuhi, Buruburu, mwaka wa 1987. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, kwa hivyo tulieni mzee wenu awaambie.

Naitwa Javan. Mwenye gari alikuwa Bwana Ngigi, afisa wa serikali, mtu wa kuvaa suti hata akienda kununua maziwa. Alikuwa na kigari cha petroli kutoka Japani, chenye turbo. Mtaa mzima hakukuwa na kingine. Kikipita Jogoo Road kinapiga mluzi, watu wanageuka!

Sasa kilikuwa kimelala uani kwake, hapo aliponiitia asubuhi hiyo. Ukikiwasha, moshi wa buluu, na hakivuti hata tambarare.

"Mzee, turbo yako sijagusa," nikasema. "Nilibadilisha oili na plagi peke yake."

"Utaambia polisi."

"Mzee, nisikize..."

"Naenda kanisa. Nikirudi, unionyeshe turbo yangu iko wapi. Ukishindwa, leo unalala ndani!"

Akatoka na Bedan. Nikasikia kufuli nje ya geti... klak!

Nikatazama ukuta. Mrefu, vipande vya chupa juu. Geti ni chuma tupu. Nimefungiwa kama kuku wa Krismasi!

Na msidhani kuitwa mwizi Eastlands ni mchezo. Fundi akishaitwa mwizi wa spea, hakuna atakayemwachia hata baiskeli. Mimi nilikuwa na jina langu tu, na jina hilo lilikuwa linakwenda zake. Niliogopa, siwafichi.

Lakini kulia kungenisaidia nini? Nikafungua boneti.

Nikaanza na nati za turbo. Jamani... rangi ya kiwandani ilikuwa bado juu yazo! Haijapasuka hata kidogo. Spana haikuwahi kugusa pale tangu gari litoke Japani. Bedan ni fundi, alijua hivyo. Alidanganya macho makavu!

Sasa ni nini kilichoiua turbo?

Kwa wasiojua, turbo ni kama feni ndogo. Moshi wa ekzosi unaizungusha, nayo inasukumia injini hewa. Inazunguka mbio ajabu, inapata moto mpaka inakuwa nyekundu. Kinachoiokoa ni oili, basi.

Nikavuta kijiti cha oili. Oili safi, ile ile niliyoweka wiki tatu nyuma. Nikafungua paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo...

Imeziba! Ndani ni masizi meusi, magumu. Oili imeungulia humo humo.

Sasa oili inayotembea haiungui hivyo. Inaungua ikisimama ghafla turbo ikiwa bado na moto. Yaani kuna mtu alikuwa anakimbiza hili gari, halafu anazima papo hapo. Na si mara moja!

"Fundi, kunywa chai."

Nikaruka! Lydiah, mke wa Ngigi, alikuwa mlango wa jikoni na kikombe mkononi, amejifunga leso, macho mekundu kwa homa. Sikujua kama yuko nyumbani.

"Mama, tafadhali rudi ndani. Mzee akitukuta hapa..."

"Mzee ako kanisa. Na chai ni chai."

Nikapokea. Kisha nikamuuliza, "Mama, mzee akifika nyumbani, anaacha gari ingurume kidogo, ama anazima mara moja?"

Akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Nitajuaje? Siku hizi sisikii gari ikiingia. Nashtukia tu mtu amesimama nyuma yangu jikoni. Saa nne, saa tisa, saa yoyote."

"Husikii? Gari yenye mluzi hivi?"

"Hata kidogo."

Nikatazama geti. Kutoka kona ya barabara mpaka geti lile ni mteremko. Ngigi anapaa Jogoo Road, akifika kona anazima injini, anateleza kimya kimya mpaka kwake...

Kwa nini sasa?

"Hebu nishikie tochi, mama, nione ndani ya hii paipu."

Akainama karibu nami.

Geti likafunguka kwa kishindo... GWAAA!

"Nimewapata!"

Ngigi! Rungu mkononi! Kumbe kanisa hakwenda. Alikuwa dirisha la juu kwa jirani, anatuchungulia. Na nyuma yake Bedan anatabasamu.

"Miezi miwili nawawinda! Bedan aliniambia unakuja kwa nyumba yangu nikiwa kazini!"

Hapo ndipo nikaelewa. Hadithi ya turbo kuibiwa ilikuwa ya kuniingiza mle ndani tu. Mtego tulitegewa mimi na Lydiah! Na Bedan alitaka nini? Wateja. Siku hizo wenye turbo wa mitaa mingine walikuwa wameanza kuniulizia mimi, si yeye.

Rungu likapanda juu.

"Mzee, nipige," nikasema. "Lakini kwanza angalia. Hizi nati hazijawahi kufunguliwa. Turbo ni yako. Na hii paipu imeziba kwa sababu unazima gari ikiwa moto, pale kona. Ni uongo?"

Lydiah akamgeukia mumewe. "Unazima pale kona kwa nini, Baba Waruguru?"

Ngigi akaitazama ile paipu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka... nilitaka kukukuta."

"Na umenikuta mara ngapi?"

Rungu likashuka polepole.

"Nimekuuliza mara ngapi!"

"Hakuna," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikageuka nimtafute Bedan. Wapi! Ameshayeyuka.

Lydiah hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na begi, akapita katikati yetu na homa yake. Alimchukua Waruguru, binti yao, kule Sunday school, wakaenda kwa mama yake kule Njiru. Mimi nikapita geti lile lile, na ile chai sikuimaliza.

Baadaye Ngigi alikuja kuomba nimfungie turbo nyingine. Nikampa sharti: asimame Burma mbele ya mafundi wote aseme Javan si mwizi. Akaja na suti yake, akasema. Sikumhurumia.

Nikamfundisha pia: ukifika, acha injini ingurume polepole dakika mbili ndipo uzime. Akashika. Ikawa kila jioni majirani wote wanasikia amefika. Ila nyumbani hakukuwa na wa kusikia.

Ndugu yangu, ukiletewa maneno juu ya mke wako, muulize mke wako. Ngigi alinyamaza akawinda, akaua vitu viwili. Kimoja nilimtafutia spea.