Jeneza la Watu Wawili

Jumamosi ile ukumbi wa sinema wa Mahajanga ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, joto la Novemba limewalowesha wote, mapangaboi yanazunguka kwa uvivu, na harufu ya karanga imechanganyika na marashi ya langilangi ya akina mama. Katika filamu, bahili mmoja wa Ulaya alikuwa amejifanya amekufa ili asikie watu watamsema vipi. Wakamsema vizuri mno, hata akaona haya kufufuka. Wafiwa waliweka sinia ya keki kando ya jeneza, wakainamisha vichwa kusali. Kifuniko kikainuka taratibu. Mkono ukatoka, ukapapasa, ukachukua kipande cha keki, ukarudi ndani.

Ukumbi ukawa kimya. Mahajanga si mji wa kucheka maiti, na mzee mmoja alisikika akitoa shahada. Ni watu wawili tu walioangua kicheko, mwanamke mmoja safu za mbele na mwanamume mmoja nyuma kabisa, na kila mmoja alipomsikia mwenzake ndipo akazidi kucheka. Kwa bahati mbaya, au nzuri, mkanda ulikatika palepale na taa zikawaka. Watu wote wakageuka kuwatafuta wakosa adabu hao.

Wa mbele aliitwa Kouraichia. Alikuwa karani wa ofisi ya mizigo bandarini, mrefu, aliyejifunga saluva, vazi la kitambaa kirefu, ya rangi ya embe bivu na macho ambayo hata akinyamaza yanaonekana yamebakiza neno. Wa nyuma aliitwa Daoudou, kijana wa kisiwa cha Nosy Be, shati lake limejaa madoa ya rangi, kwa kuwa yeye ndiye aliyechora mabango ya filamu za ukumbi ule. Walitazamana juu ya vichwa vyote vile. Kouraichia alijitanda vizuri shiromani yake, akageukia mbele, na mabega yakaendelea kumtikisika.

Filamu ilipokwisha Daoudou alimkuta Kouraichia nje, karibu na majiko ya mishikaki kwenye barabara ya ufukweni.

"Bweni," Daoudou alianza, kwa neno la heshima la kumwita mwanamke, "una moyo gani wewe, unacheka matanga?"

"Huohuo ulio nao wewe. Bango lile umechora wewe? Jeneza, mishumaa, mjane analia. Nusu ya ukumbi waliingia wakidhani wamekuja kulia."

"Nilichora kabla ya kuiona."

"Basi siku nyingine ichore baada ya kuiona, uache kuwaonea watu."

Siku nyingine ikafika. Filamu za kuchekesha juu ya kifo zilikuja mara chache, baina ya za ngumi na za mapenzi ya kulia, lakini zilipokuja hazikuwapita. Waliiona ya ndugu waliosahau walikomzika tajiri wao, na ya mchimba makaburi aliyeogopa giza. Kisha walitembea taratibu hadi Tsaramandroso, mtaa wa kwao Kouraichia, wakiigizana sehemu walizozipenda, na njia ikawa fupi kila siku. Yale mapenzi yaliwaingia hivyo, kwa kucheka, na walipostuka yameshawafika shingoni.

Siku moja wakagundua jambo jingine. Mama yake Kouraichia, Bi Echata, alikuwa Mtsimihety aliyeolewa na Mngazija. Mama yake Daoudou, Bi Koultoum, alikuwa Msakalava wa kisiwa cha Nosy Komba aliyeolewa Marodoka, kijiji cha Nosy Be. Koo zao mbili zilikuwa ziva, yaani watani wa tangu na tangu, wale wanaoruhusiwa kutukanana hadharani bila mtu kununa, na ambao kazi yao kubwa ni msibani, kumdhihaki marehemu mbele ya wafiwa na kudai walipwe ndipo waondoke. Daoudou alifurahi kama aliyeokota pete. Tangu hapo simu ya ofisini kwa Kouraichia haikupumzika.

"Hapo ni ofisi ya mizigo?" Daoudou angeuliza kwa sauti nzito ya kizee. "Nataka kusafirisha jeneza la watu wawili."

"La watu wawili? Ni nani hao?"

"Mmoja ni mimi. Wa pili bado anafikiri."

"Basi mteja asubiri. Sisi hatupokei mzigo ambao haujakamilika," Kouraichia angejibu kwa sauti ya kikazi, meneja akiwa anamtazama, na mchana mzima angepiga mihuri kwa mkono mwepesi.

Hata Bi Koultoum alipata zamu. Daoudou alipokwenda kumsalimia, alimpeleka kwenye simu ya duka moja la Hell-Ville, mji wa Nosy Be, na mama wa watu bila hata salamu akamwambia Kouraichia kwamba amesikia ana miguu mirefu ya korongo na kupika hajui. Kouraichia akamjibu kwamba naye amesikia kuna bibi Marodoka amezeeka hata sindano haioni. Wote wawili wakacheka mpaka muda wa simu ukaisha. Bi Koultoum alikuwa fundi wa kutarizi kama wanawake wengi wa Nosy Komba, na kabla ya kukata aliahidi kumtarizia shuka ya harusi.

Hapa lazima nieleze kwa nini Kouraichia alicheka majeneza, maana hakuzaliwa hivyo. Mwisho wa mwaka sabini na sita, siku zile mbaya Wangazija wa Mahajanga waliposakwa nyumba kwa nyumba, jirani yao mmoja, bibi wa Kisakalava na ziva wa mama yake, aliingia na sanda. Akamlaza Mzee Athoumani, baba yake Kouraichia, akamfunika, akaita wanawake wakae kulia. Kouraichia alikuwa na miaka kumi na mitano. Alirudi kutoka kwa fundi cherehani akakuta maiti ya baba yake, na hakuna aliyemwambia kitu. Aligaagaa chini akilia kilio cha kweli. Wenye mapanga walifika mlangoni, wakamwona msichana yule, wakavua kofia, wakaenda zao. Kisha sanda ikafunguka na baba akaomba maji.

Ndugu zao wengi walipandishwa ndege wakarudi Ngazija. Wao walibaki. Tangu siku hiyo Mzee Athoumani alijiita marehemu. "Marehemu anaomba chai," angesema asubuhi, na binti yake, baada ya kununa mwaka mzima, naye akaanza kucheka. Katika sinema alikuwa akiisubiri sehemu ile moja tu, pale maiti inapoinuka.

Mzee Athoumani alimpenda Daoudou. Jioni nyingi walikaa barazani, kijana akimsimulia filamu na mzee akimsahihisha namna ya kufa. Ndoa ilikuwa imebaki kutajwa tarehe. Kisha mwezi wa Mei, baada ya sala ya alasiri, mzee aliegemea ukuta na hakuinuka tena.

Walimwosha, wakamkafini, wakamlaza kwenye jeneza uani, wanaume wakisubiri kulibeba. Mdogo wake marehemu, Saindou, mtu wa dini na wa haya, ndiye aliyesimamia. Kouraichia alikaa karibu na miguu ya baba yake bila chozi. Daoudou aliingia, kanzu yake nyeupe haina hata doa moja la rangi, akasimama mbele ya maiti. Midomo ilimcheza kidogo, kisha sauti ikatoka.

"Mzee Athoumani, amka. Ulishatufanyia hivi mara moja, tukapoteza machozi bure. Amka, watu wana njaa."

Ua wote ukaganda. Saindou akageuka. Lakini Kouraichia, Mungu wangu, Kouraichia aliinua kichwa akaitazama sanda. Aliitazama akiwa ameshika pumzi, na mtu yeyote aliyemwona aliona kwamba anangoja. Sanda haikutikisika. Ndipo alipotoa kilio ambacho wanawake wa Tsaramandroso walikisimulia kwa muda mrefu, na alipopata sauti alimwambia Daoudou maneno machache tu.

"Hii si filamu. Toka, na usirudi."

Daoudou alitoka. Saindou alitangaza baada ya maziko kwamba binti ya kaka yake hataolewa na mtu aliyemtukana maiti, na Kouraichia hakumpinga. Daoudou hakujitetea. Angesema nini? Kwamba marehemu ndiye aliyemtuma? Marehemu hatoi ushahidi. Alisubiri kidogo, akasikia kwamba mama yake ni mgonjwa, akarudi Nosy Be na brashi zake, na mabango ya sinema yakaanza kuchorwa na mtu asiyejua kuchora pua.

Miezi ile Kouraichia aliishi kama anayetembea ndani ya maji. Jina la Daoudou likitajwa, aliondoka chumbani. Simu ya ofisini ikilia aliinyakua, na kila mara alikuwa mtu anayeuliza habari za magunia ya saruji. Mara moja tu ilikuwa Bi Koultoum. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe korongo," alisema, "nimefika ukingo wa tatu wa shuka yako. Maua yamekataa kukaa sawa kwa sababu ya ubaya wako."

Hakumtaja mwanawe. Kouraichia alitaka kumtukana inavyostahili, lakini akasema tu "Ndiyo, mama," na Bi Koultoum akamwambia kwamba hivyo sivyo ziva wanavyojibiwa.

Bi Echata alipotoka edani, ukumbi ulikuwa umeirudisha filamu ya yule bahili. Hakuwahi kuingia sinema maisha yake yote. Labda alichoka na nyumba, labda alimchoka binti asiyecheka, maana siku hiyo alijifunga saluva mpya, akamwambia Kouraichia wapande puspus, kigari cha kuvutwa na mtu, mvutaji akimbie, waende kuona huko wanakocheza Wazungu.

Sehemu ya keki ilipofika, Kouraichia aliinamisha uso. Kando yake akasikia mlio asioujua. Bi Echata alikuwa anacheka, shiromani imemwangukia mabegani, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Baba yako angeipenda hii," alisema alipopata pumzi. "Ndiyo maana alimchagua yule kijana."

"Alimchagua kwa nini?"

Bi Echata alimtazama kwa mshangao, na katika mwanga ule wa kuchezacheza alimweleza kile ambacho Kouraichia hakuwahi hata siku moja kukaa chumbani akakisikia. Mzee Athoumani alimwita Daoudou barazani, yeye mwenyewe Bi Echata akiwa anachambua mchele. Alimwambia kwamba siku atakayokufa kweli, binti yake hataamini, atakaa akingoja ainuke. "Wewe ni ziva," alimwambia. "Simama unitukane, uniambie niamke. Nisipoamka atajua kwamba safari hii imekwisha, na atalia, na atapona." Kijana alikataa. Mzee akamshika mkono mpaka akakubali.

Kouraichia hakuungoja mwisho wa filamu. Alijua sasa kwamba alimfukuza mtu aliyempenda kuliko alivyoipenda heshima yake mwenyewe, na aibu ilimwaka usoni. Kesho yake ofisi ilipofunguliwa tu aliomba laini ya Hell-Ville, na mwenye duka alimjua sauti. Akasema Daoudou hawezi kuitwa leo. Bi Koultoum amefariki alfajiri, wanamzika adhuhuri.

Alipanda ndege ndogo ya kwanza iliyopata nafasi. Saindou alikuja uwanjani kumzuia, na Kouraichia akamwambia kwa adabu kwamba baba mdogo atamsamehe, anakwenda kutimiza kazi ya ukoo wa mama yake. Alifika Marodoka siku ya hitima. Njia ilipita baina ya milangilangi iliyopinda, maua ya njano yamedondoka kila mahali, na hewa ilikuwa tamu hata akahisi anaota. Kuta za mawe za nyumba za kale zilikuwa zimeota mizizi. Kutoka nyumba moja ilitoka sauti ya kisomo.

Daoudou alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa makavu. Tangu kifo, walisema baadaye, hakuwa amedondosha chozi. Alimwona, akainuka nusu. Kouraichia alimpita. Aliingia mpaka kwenye kitanda cha marehemu, ambapo shuka nyeupe ilikuwa imekunjwa na sindano bado imechomekwa kwenye ukingo wa nne. Kisomo kilikuwa kimefika mwisho. Alisubiri watu waitikie amina, kisha akasimama wima na miguu yake ya korongo.

"Koultoum, mvivu wewe," alisema. "Ua moja limekushinda, ukaona afadhali ufe. Mimi nitalala kwenye shuka ya kingo tatu? Nimetoka Mahajanga kwa ajili ya deni langu, na siondoki bila kulipwa."

Wanawake walitazamana. Bibi mmoja mzee akauliza huyu ni nani.

"Ziva."

Bibi akatikisa kichwa polepole, na kicheko kikaanza upande wake, kikapita kwa mwingine, mpaka chumba chote cha matanga kikawa kinacheka na kujifuta macho. Huko Nosy Be wanaijua kazi hii. Yule bibi akasema, basi ziva alipwe, ataje, ni mbuzi au ni mchele?

"Sitaki mbuzi wala mchele," Kouraichia alisema. "Nitamchukua mwanawe."

Mlangoni Daoudou alicheka. Kicheko chake kile cha safu ya nyuma kilianza vizuri, kikavunjika katikati, na machozi aliyoyabana tangu alfajiri ile yakatoka yote pamoja. Kouraichia alimwendea, akakaa chini kando yake kwenye kizingiti, mbele za watu, akamwacha alie mpaka atosheke.

"Mama ameniambia alichokutuma Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, Daoudou. Nililia siku ile. Nimepona."

Daoudou alijifuta uso kwa kiganja. Ndani wanawake walikuwa wameanza kupakua pilau.

"Bweni," alisema mwishowe, kwa ile sauti nzito ya kizee, ingawa ilikwamakwama, "ule mzigo wangu wa jeneza bado umekwama kwenye ofisi yenu?"

"Umeshapokelewa," Kouraichia alisema. "Yule wa pili amemaliza kufikiri."