Nyaya Nne za Plagi

"Mwanangu Husna, utanifikisha hospitali?"

Husna, rafiki yangu wa Diani, alimsikia jirani yake Bi Hanifa akihema kwa pumu mlangoni, akajibana kimya nyuma ya pazia. Eti angechelewa kazini! Bi Hanifa alifariki adhuhuri.

Baada ya matanga, gari la Husna likaanza kutetemeka kila liliposimama injini ikiwaka.

"Lina homa hili," fundi Alamin alitania, akichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja ili aijue plagi mbovu. Alipochomoa wa nne, injini ilizimika kabisa. Lakini mle ndani kitu kiliendelea kuhema, polepole, kwa kukoroma.

Alamin alirudi nyuma, spana mkononi.

"Naomba, kaka," Husna alilia, "usiniache naye peke yangu."